Namna ya Kuichambua Namba 4,294,967,297 kwa Kalamu na Karatasi

Mtu akipewa namba yenye tarakimu kumi na kuulizwa ina sifa gani, kwa kawaida huanza kuigawanya papo hapo: kwa 2, kwa 3, kwa 5, kwa 7, na kuendelea hivyo mpaka achoke. Njia hiyo si kosa, ila ina gharama kubwa. Namba 4,294,967,297, ambayo ndiyo tutakayoishughulikia hapa mwanzo hadi mwisho, ingeweza kumlazimu mtu huyo kujaribu namba tasa 6,542 kabla ya kuwa na haki ya kusema kwamba haigawanyiki. Anayejua namba hiyo imetoka wapi hujaribu tano tu, na akiongeza ujuzi kidogo hubakiwa na mbili. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuyapunguza majaribio kwa kiasi hicho, na kisha namna ya kuzipata sifa nyingine za namba hii mara tu vigawo vyake vinapokuwa mkononi.

Vifaa vinavyohitajika ni karatasi, kalamu, na uwezo wa kuzidisha na kugawanya namba ndefu kama inavyofundishwa shule ya msingi. Kikokotoo kidogo cha tarakimu nane hakitafaa kitu hapa, kwa kuwa namba yenyewe haienei kwenye kioo chake.

Kuiandika na kuisoma

Andika namba kwa mafungu ya tarakimu tatu tatu kutoka kulia: 4 | 294 | 967 | 297. Mafungu haya hayapo kwa ajili ya urembo tu, maana tutayatumia baada ya muda mfupi. Kwa Kiswahili namba hii husomwa bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa na elfu sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Wasiotumia laki husema elfu mia tisa sitini na saba. Mtego wa lugha yetu uko hapohapo, kwa kuwa elfu hutangulia hesabu yake na msikilizaji hana hakika kama "elfu sitini na saba" ni 67,000 au ni 60,007. Kwa sababu hiyo, anayeandika namba kubwa kwa kusomewa na mwenzake anashauriwa aombe kutajiwa tarakimu moja moja, kwani kosa la sufuri moja katika hatua hii huharibu kila kitakachofuata.

Maswali mepesi

Namba inaishia na 7, kwa hiyo ni witiri na haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5. Jumla ya tarakimu zake ni 4 + 2 + 9 + 4 + 9 + 6 + 7 + 2 + 9 + 7, yaani 59. Kwa kuwa 59 si kigawe cha 3 (yaani si 3 iliyozidishwa kwa namba nzima), namba yetu nayo haigawanyiki kwa 3 wala kwa 9. Endelea kujumlisha: 5 + 9 ni 14, na 1 + 4 ni 5. Iandike 5 hiyo pembeni mwa karatasi na kuizungushia duara, kwa sababu ndiyo baki la namba yetu ikigawanywa kwa 9, na baadaye itatumika kukagua kazi.

Kwa 7, 11 na 13 kuna njia moja inayozimaliza zote tatu kwa pamoja, na inashangaza kwamba haifundishwi zaidi. Zao la 7 × 11 × 13 ni 1,001. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kuyachukua mafungu ya tarakimu tatu tatu kutoka kulia, akatoa na kujumlisha kwa kupokezana: 297 − 967 + 294 − 4, jibu likiwa −380. Namba nzima hugawanyika kwa 7, kwa 11 au kwa 13 ikiwa tu 380 inagawanyika hivyo. Tukigawanya 380 kwa 7 tunabaki na 2, kwa 11 tunabaki na 6, na kwa 13 tunabaki na 3. Hakuna inayogawanyika, na tumelijua hilo bila kuigusa bilioni hata moja.

Swali la mwisho kati ya yale mepesi ni mpaka wa utafutaji. Ikiwa namba ni zao la namba mbili, ndogo kati ya hizo haiwezi kuzidi kipeuo cha pili cha namba yenyewe. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 65,536 na sehemu ndogo mno ya ziada, kwa maana 65,536 × 65,536 ni 4,294,967,296. Atakayetaka kulithibitisha hili aivunje 65,536 iwe 65,000 + 536: mraba wa 65,000 ni 4,225,000,000, mara mbili ya 65,000 × 536 ni 69,680,000, mraba wa 536 ni 287,296, na jumla ya vitatu hivyo ni 4,294,967,296. Ukiongeza moja umefika kwenye namba yetu. Namba tasa zisizozidi 65,536 ni 6,542, na hiyo ndiyo hesabu ya majaribio niliyoitaja mwanzoni.

Neno tasa lenyewe linastahili sentensi moja kabla hatujaendelea. Waliolichagua walifikiria kiumbe asiyezaa. Kwa haki namba hizi zingeitwa yatima, maana haziwezi kuwa zao la namba nyingine zilizo ndogo kuliko zenyewe, ilhali zenyewe huzaa kila namba nyingine iliyopo.

Kuijua asili ya namba

Hapa ndipo kazi halisi inapoanzia. Tumeona kwamba namba yetu ni 65,536² + 1. Namba 65,536 nayo ni mraba wa 256, na 256 ni mraba wa 16, na 16 ni mraba wa 4, na 4 ni mraba wa 2. Kwa maneno mengine 65,536 ni 2¹⁶, na namba yetu ni 2³² + 1. Ukiiandika kwa tarakimu za 0 na 1 peke yake, jinsi kompyuta inavyoziandika namba, utapata 1, kisha sufuri thelathini na moja, kisha 1 nyingine.

Namba za umbo hili zinaitwa namba za Fermat, kwa jina la Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, ambaye hisabati ilikuwa kazi yake ya muda wa ziada. Mwaka 1640 aliandika katika barua zake kwamba anaamini namba zote zinazopatikana kwa kuanza na 2, kuendelea kupiga mraba, na kuongeza 1 mwishoni, ni tasa. Tano za kwanza ni 3, 5, 17, 257 na 65,537, na zote ni tasa kweli. Yetu ndiyo ya sita. Imani yake ilisimama kwa miaka zaidi ya tisini, mpaka mwaka 1732 ambapo Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Saint Petersburg nchini Urusi, alionyesha kigawo chake.

Kabla ya kumfuata Euler, kuna faida moja ya haraka katika umbo hili. Toa 2 kwenye namba yetu, upate 4,294,967,295, ambayo ni 2³² − 1. Tofauti ya miraba miwili huvunjika kuwa zao la jumla na tofauti, kwa hiyo 2³² − 1 ni (2¹⁶ − 1) × (2¹⁶ + 1), na 2¹⁶ − 1 nayo huvunjika vilevile, na kuendelea hadi chini. Mwishoni tunapata 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Maana yake ni kwamba namba yetu ikigawanywa kwa yoyote kati ya namba hizi tano hubaki 2, na kwa hiyo tano zote zimeondoka kwenye orodha ya washukiwa. Hiyo 4,294,967,295 ina sifa yake ya pekee katika jometri: kwa namba tasa za Fermat zinazojulikana hadi leo, ndiyo idadi kubwa kuliko zote ya pande witiri za umbo lenye pande sawa linaloweza kuchorwa kwa rula na bikari tu. Ni jambo lililofunguliwa na Carl Friedrich Gauss mwaka 1796, alipoonyesha kwamba umbo la pande 17 linachoreka hivyo.

Kuwapunguza washukiwa

Chukua vipeo vya 2, yaani 2, 4, 8, 16, 32, 64, na ukigawanye kila kimoja kwa 7. Mabaki ni 2, 4, 1, 2, 4, 1. Yanazunguka kama siku za juma, na mzunguko wake una urefu wa 3. Fermat mwenyewe alieleza, mwaka huohuo wa 1640, kwamba kwa namba yoyote tasa p isiyo 2, urefu wa mzunguko huo ni lazima uwe kigawo cha p − 1. Katika mfano wetu 3 ni kigawo cha 6.

Sasa tuseme p ni namba tasa inayoigawanya 2³² + 1 bila baki. Hiyo ni sawa na kusema kwamba 2³² imepungukiwa na 1 tu kufikia kigawe cha p, yaani baki lake ni −1. Tukizidisha 2³² kwa yenyewe tunapata 2⁶⁴, na baki linakuwa −1 × −1, yaani 1. Kwa hiyo mzunguko umefunga kwenye hatua ya 64, ingawa kwenye hatua ya 32 ulikuwa haujafunga. Kwa kuwa kila kigawo cha 64 kilicho kidogo kuliko 64 ni kigawo cha 32 pia, urefu wa mzunguko hauwezi kuwa mwingine ila 64 yenyewe. Urefu huo ni kigawo cha p − 1, basi p ni kigawe cha 64 kilichoongezewa 1.

Matokeo haya yanafaa kusomwa mara mbili, kwa sababu ndiyo moyo wa kazi yote. Hatuhitaji tena kuijaribu 17, wala 19, wala 23, wala 29. Mshukiwa ni lazima awe katika orodha ya 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641, 705 na kuendelea kwa kuruka 64 kila mara. Ondoa zinazoishia na 5. Ondoa 129, 321 na 513, ambazo jumla za tarakimu zake hugawanyika kwa 3. Chini ya 700 zimebaki tano: 193, 257, 449, 577 na 641. Mwaka 1878 Mfaransa Édouard Lucas aliusogeza mpaka huo mbele zaidi, akaonyesha kwamba hata 64 haitoshi, bali p ni kigawe cha 128 kilichoongezewa 1. Kwa kanuni hiyo zinabaki 257 na 641 peke yake, na 257 tulikwisha kuiondoa.

Fermat alikuwa na kanuni ya mzunguko mkononi mwake. Angeitumia dhidi ya dai lake mwenyewe, angelivunja kwa kugawanya mara tano. Mimi hulichukulia jambo hili kuwa faraja zaidi kuliko kejeli.

Kumjaribu mshukiwa bila kugawanya namba nzima

Mtu anaweza kugawanya namba nzima ya tarakimu kumi kwa kila mshukiwa, lakini kuna njia fupi zaidi. Anza na 65,536, tafuta baki lake, upige mraba baki hilo, tafuta baki tena, kisha ongeza 1. Ikitoka sufuri, au namba sawa na mshukiwa mwenyewe, amekamatwa.

Kwa 193: 65,536 hubaki 109. Mraba wa 109 ni 11,881, ambao hubaki 108. Ukiongeza 1 unapata 109, kwa hiyo 193 si kigawo.

Kwa 257 baki la 65,536 ni 1, mraba wake ni 1, na jibu ni 2, kama tulivyotabiri.

Kwa 449 baki la kwanza ni 431. Badala ya kupiga mraba 431, angalia kwamba imepungukiwa na 18 kufikia 449. Mraba wa upungufu hutoa baki lilelile, na 18 × 18 ni rahisi zaidi: 324. Ongeza 1, upate 325. Si kigawo.

Kwa 577 baki la kwanza ni 335, mraba wake ni 112,225, ambao hubaki 287, na jibu ni 288.

Kwa 641 baki la kwanza ni 154. Mraba wa 154 ni 23,716. Sasa 641 × 37 ni 23,717, kwa hiyo mraba huo umepungukiwa na 1 tu. Ongeza 1, na hakuna kinachobaki.

Kuna uthibitisho mwingine wa 641 ambao hauhitaji hata kugawanya, nao ni mzuri kiasi kwamba ningesikitika kuuacha. Namba 641 inaweza kuandikwa kwa njia mbili: ni 5 × 2⁷ + 1, maana 5 × 128 ni 640, na pia ni 5⁴ + 2⁴, maana 625 + 16 ni 641. Kwa njia ya kwanza, 5 × 2⁷ ikigawanywa kwa 641 hubaki −1, na tukiipandisha kwenye kipeo cha nne, 5⁴ × 2²⁸ hubaki 1. Kwa njia ya pili, 5⁴ ina baki sawa na −2⁴. Weka −2⁴ mahali pa 5⁴, na utaona kwamba −2³² hubaki 1, yaani 2³² hubaki −1, yaani 2³² + 1 haibaki kitu.

Kugawanya na kukagua

Sasa gawanya kwa mkono. Katika 4,294 kuna 641 mara 6, baki 448. Shusha 9: katika 4,489 zimo mara 7, baki 2. Shusha 6: katika 26 hazimo, andika sufuri. Shusha 7: katika 267 hazimo, andika sufuri tena. Shusha 2: katika 2,672 zimo mara 4, baki 108. Shusha 9: katika 1,089 imo mara 1, baki 448. Shusha 7: katika 4,487 zimo mara 7 kamili. Jibu ni 6,700,417.

Zile sufuri mbili za katikati ndizo zinazowaangusha wengi, nami nikiwa mmoja wao, kwa kuwa mkono huwa na haraka ya kushusha tarakimu nyingine bila kuandika chochote juu. Ndiyo sababu tuliiandika 5 pembeni. Jumla ya tarakimu za 641 ni 11, na 1 + 1 ni 2. Jumla ya tarakimu za 6,700,417 ni 25, na 2 + 5 ni 7. Zao la 2 × 7 ni 14, na 1 + 4 ni 5, sawasawa na ile iliyomo ndani ya duara. Ukaguzi huu, hata hivyo, haushtuki kwa sufuri iliyorukwa, kwa kuwa sufuri haibadilishi jumla ya tarakimu. Hesabu basi urefu pia: bilioni nne na kitu zikigawanywa kwa mia sita na kitu ni lazima ziwe milioni sita au saba, kwa hiyo jibu lenye tarakimu tano au sita limekosewa.

Inasimuliwa kwamba Zerah Colburn, mtoto aliyezaliwa Vermont nchini Marekani mwaka 1804, aliulizwa vigawo vya namba hii huko London alipokuwa na umri wa miaka minane hivi, akavitaja vyote viwili bila karatasi.

Je, 6,700,417 nayo ni tasa?

Swali hili haliwezi kurukwa, kwa kuwa bila jibu lake hatujui idadi ya vigawo. Kila kigawo tasa cha 6,700,417 ni kigawo cha namba yetu pia, kwa hiyo kanuni ya 64 bado inafanya kazi. Kipeuo chake cha pili kiko kati ya 2,588 na 2,589. Tunahitaji namba tasa zisizozidi hapo zilizo kigawe cha 64 kilichoongezewa 1, na baada ya zile tulizokwisha kuzikataa zinabaki saba: 641 yenyewe, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Gawanya 6,700,417 kwa kila moja. Mabaki ni, kwa mpangilio huohuo, 44, 120, 334, 832, 622, 232 na 94. Hakuna sufuri hata moja. Namba 6,700,417 ni tasa, na namba yetu ni 641 × 6,700,417 bila njia nyingine ya kuivunja.

Sifa zinazofuata

Vigawo sasa vinajulikana vyote, navyo ni vinne: 1, 641, 6,700,417 na namba yenyewe. Jumla yake ni 4,301,668,356. Ukiiacha nje namba yenyewe, vitatu vilivyobaki vinajumlika kuwa 6,701,059 tu, ambayo ni ndogo mno ikilinganishwa na bilioni nne. Kwa hiyo namba hii iko katika kundi la namba pungufu, mbali kabisa na namba kamilifu kama 6 na 28, ambazo vigawo vyake vidogo hujumlika kuwa namba yenyewe.

Idadi ya namba kuanzia 1 hadi namba yetu ambazo hazishiriki nayo kigawo chochote isipokuwa 1 hupatikana kwa kupunguza moja kwenye kila kigawo tasa na kuzidisha: 640 × 6,700,416, yaani 4,288,266,240.

Kuipata miraba miwili

Tulikwisha kuona kwamba namba yetu ni 65,536² + 1². Lakini vigawo vyake tasa vyote viwili, vikigawanywa kwa 4, hubaki 1, na namba ya aina hiyo yenye vigawo viwili tasa vilivyo tofauti huandikika kuwa jumla ya miraba miwili kwa njia mbili kamili. Njia ya pili ni 62,264² + 20,449². Hakiki mwenyewe: mraba wa kwanza ni 3,876,805,696, wa pili ni 418,161,601, na jumla ni namba yetu.

Kinachofurahisha ni kwamba mtu aliyezipata njia hizi mbili kwanza angeweza kuvitoa vigawo humo humo, bila kanuni ya 64. Tenganisha shufwa na witiri. Shufwa ni 65,536 na 62,264: tofauti yake ni 3,272 na jumla ni 127,800. Witiri ni 20,449 na 1: tofauti yake ni 20,448 na jumla ni 20,450. Tafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika cha tofauti hizo mbili, 3,272 na 20,448, nacho ni 8. Kisha tafuta cha jumla zote mbili, 127,800 na 20,450, nacho ni 50. Nusu zake ni 4 na 25, na 4² + 25² ni 16 + 625, yaani 641. Ukigawanya zile tofauti kwa 8 unapata 409 na 2,556, na 409² + 2,556² ni 6,700,417. Njia hii nayo ni ya Euler, ambaye inaonekana hakupenda kuingia nyumba yoyote kwa mlango mmoja.

Tahadhari kwa wanaotumia kompyuta

Programu inayohifadhi namba nzima katika biti 32 huhesabu kutoka 0 hadi 4,294,967,295 na kurudi mwanzo kama saa ya ukutani. Namba yetu imepita mwisho huo kwa 2, kwa hiyo ndani ya programu kama hiyo itahifadhiwa kuwa 1, na kila swali utakalouliza litajibiwa kuhusu 1. Tumia biti 64, au lugha ya programu isiyo na mpaka huo.

Mtego wa pili ni wa kina zaidi. Jaribio la haraka linalotumiwa sana kuitambua namba tasa ni kuchukua 2, kuipandisha kwenye kipeo cha namba inayochunguzwa iliyopunguzwa 1, kuigawanya kwa namba hiyo inayochunguzwa, na kuangalia kama baki ni 1. Namba isiyofaulu si tasa. Namba yetu hufaulu. Sababu yake tunayo tayari: 2⁶⁴ hubaki 1, na namba yetu ikipunguzwa 1 ni 2³², ambayo ni kigawe cha 64, hivyo mzunguko hufunga vilevile kama kwa namba tasa. Namba zote za Fermat hufaulu jaribio hili kwa msingi wa 2, ziwe tasa au zisiwe, na anayezichunguza ni lazima abadilishe msingi, kwa mfano atumie 3.

Namba inayofuata

Kati ya namba za Fermat hakuna tasa nyingine inayojulikana baada ya 65,537, na anayetaka kuendelea atakutana kwanza na 2⁶⁴ + 1, yaani 18,446,744,073,709,551,617. Kanuni ya Lucas hapa inasema kigawo tasa ni kigawe cha 256 kilichoongezewa 1. Orodha yake ni ndefu, na mwaka 1880 Mfaransa Fortuné Landry alitangaza kigawo cha 274,177, ambacho ni 256 × 1,071 + 1. Kukipata kwa mkono kunahitaji uvumilivu wake, lakini kukihakiki kunahitaji mistari mitatu. Gawanya 4,294,967,296 kwa 274,177, na baki litakuwa 258,768, lililopungukiwa na 15,409. Piga mraba upungufu huo, upate 237,437,281. Ongeza 1, na 237,437,282 ni 274,177 × 866 kamili.